Sahro wa Majengo na Mlima Uliopinduka

Ukiwauliza watu wa Majengo, miaka ile ya themanini na kitu, Sahro anafanya kazi gani, walikuwa wanacheka kwanza ndipo wakujibu. Sahro anaosha mawe. Si vyombo, si nguo za watu. Mawe. Kila asubuhi anavaa koti la buluu juu ya gauni la dira, anajitupia shungi kichwani, anakatiza Gikomba marobota ya mitumba yakiwa bado hayajafunguliwa, anapita Shauri Moyo, anapita Burma wauza nyama wakinoa visu, kisha anaishika Jogoo Road mpaka Makadara. Huko, ndani ya godauni la mabati kando ya reli, anajaza maji karai na kuyaogesha mawe taratibu, moja baada ya jingine, kama anayeogesha mtoto.

"Yakishatakata?" Rispa, jirani yake wa mlango kwa mlango, alikuwa hachoki kuuliza.

"Nayapanga."

"Ukishayapanga?"

"Yanatazamwa."

"Maajabu haya! Mimi nina mume ambaye tangu Jumatatu kazi yake ni kutazamwa tu, mbona hakuna kampuni inayomchukua?"

"Mlete, dada. Kumwosha nitamwosha. Kumpanga ndiko sitaweza."

Kazi yenyewe ilimjia kwa njia ya sambusa. Sahro alizaliwa Majengo hapo hapo, baba yake Msomali mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuja Nairobi kwa wiki moja akasahau kuondoka. Akasoma madrasa kwa mke wa mwalimu, akaolewa, akazaa mabinti wawili, akawaoza, kisha akafiwa na mume. Akabaki na jiko la makaa na mikono yake. Kila siku saa nne alikuwa anabeba debe la sambusa mpaka kwenye lango la lile godauni, na mtunza godauni, Zedekiah Shitanda, mtu wa Butere mwenye tumbo la heshima, ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza.

Siku moja Shitanda alifunua debe akakaa akilitazama kabla ya kuchukua chake. Sambusa zilikuwa zimelala safu kwa safu, kona imeingia kwenye kona, bila hata moja iliyovunjika.

"Mama," akasema, "mkono unaopanga sambusa namna hii unaweza kunipangia mawe?"

Sahro alidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Kampuni iliyokodi godauni lile ilikuwa inatafuta risasi, zinki na fedha katika mlima mmoja huko Ukambani. Walikuwa na mashine inayotoboa ardhi kwa bomba lenye meno ya almasi, na kila bomba lilipopandishwa lilikuwa na mche wa jiwe ndani yake, wa duara, mnene kama mpini wa jembe. Yaani ulikuwa unapata kipande cha tumbo la mlima, kutoka juu mpaka chini, bila kuingia humo mwenyewe. Miche ile ililazwa kwenye masanduku marefu ya mbao yenye vijia vitano vitano, na dereva Matheka akaileta Makadara kwa lori. Shida ilikuwa mchwa. Mchwa wa Makadara walikuwa wameyapenda masanduku ya shimo namba saba kuliko mengine yote. Walikuwa wamekula mbao za chini, wamekula za kando, wamekula hata vile vibao vidogo vilivyoandikwa urefu wa shimo. Mawe tu ndiyo yaliyowashinda.

"Utayatoa humu, utayaosha, utayaweka kwenye masanduku mapya," Shitanda akamwelekeza. "Usichanganye hata kipande. Panga kama unavyosoma kitabu: anza mstari wa juu, ukifika mwisho shuka wa pili, ukimaliza sanduku ingia linalofuata. Umenielewa?"

"Kama kitabu," Sahro akasema. "Hilo ni rahisi."

Na aliifanya kazi ile kwa mapenzi. Kila kipande alikiinua, akatafuta kile kinachokifuata, akaunganisha ncha kwa ncha mpaka mivunjiko ikashikana, ndipo akakilaza. Miche mingi ilikuwa ya kijivu, inamemeta kwa ulanga ukiigeuza juani. Mingine ilikuwa marumaru nyeupe. Halafu, katika sanduku moja la shimo la saba, ulikuwemo mstari wa ajabu: kipande kizito kupita saizi yake, kinang'aa kama sufuria mpya, kimevunjika vipande vya mraba kama sukari ya vipande, na pembeni yake kipande kilichojaa punje nyekundu kama mbegu za komamanga.

"Hii ndiyo risasi," Shitanda akamwambia. "Na ile ya kahawia iliyochanganyika nayo ni zinki."

"Na fedha iko wapi?"

"Fedha huioni. Imeyeyuka ndani ya risasi kama sukari kwenye chai."

Jibu hilo Sahro alilirudisha Majengo, na Majengo hawakuliamini hata kidogo. Kwao fedha isiyoonekana ilikuwa ni fedha iliyokwisha ibwa na wakubwa.

Basi mambo yalikwenda vizuri, isipokuwa jambo moja. Sahro alikuwa na kaka yake Isiolo, mtu mwema, mkaidi, aliyeamini kwamba mjane hawezi kukaa peke yake mjini. Sahro alipokuwa muuza sambusa, kaka alimpelekea salamu kila mwezi: rudi nyumbani, kuna chumba, kuna mbuzi. Alipopata kazi yenye koti, kaka alinyamaza. Lakini alinyamaza kwa masharti. "Siku mawe yatakapokwisha," alimwambia ana kwa ana Idi iliyopita, "nakuja kukuchukua mwenyewe." Sasa Sahro, mtoto wa Majengo, anayejua kila mlango na kila anayekaa nyuma yake, akafanye nini na mbuzi? Tangu siku ile alikuwa akiyaangalia mawe kama mtu anavyoangalia unga uliobaki kwenye debe.

Na mawe yalikuwa yanakaribia kwisha. Mwaka ule wa njaa, wa ugali wa njano, wakubwa wa kampuni walitangaza kwamba wamebakiza shimo moja. Likipata risasi ya maana, kazi inaendelea. Likitoka tupu, mashine inauzwa, godauni linafungwa. Wakamtuma mtaalamu wa miamba achague mahali pa kutoboa.

Mtaalamu huyo alikuwa Wacuka, msichana wa Ofafa Maringo, ndiyo kwanza atoke chuo kikuu, nywele fupi, suruali, viatu vizito. Siku ya kwanza aliingia akiwa amebeba nyundo begani.

"Sasa, mama! Ni wewe uliyenipangia hivi vizuri?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Ungeona kule nilikofanyia mazoezi. Mawe yao kama makande."

Wakapendana hapo hapo. Wiki nzima Wacuka alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, lenzi jichoni, akiyasoma mawe ya mashimo yote, na Sahro akimsogezea masanduku. Kwa kuwa sambusa hazikuwa zimekoma, saa nne walikuwa wanakunywa chai pamoja, na Ijumaa hiyo Sahro alikuwa ameleta chapati zilizopakwa siagi.

Wacuka aliingia kwenye chai akirukaruka.

"Mzee Shitanda! Mama! Njooni niwaonyeshe. Mlima umepinduka!"

"Lini?" Shitanda akauliza, akashusha kikombe.

"Zamani, mzee. Kabla hata ya kuwako mtu wa kuuliza lini." Akachukua chapati moja. "Tazameni. Mlima ule mwanzo haukuwa mlima, ulikuwa tope chini ya bahari. Chini ya tope kulikuwa na maji moto yanachemka, yamebeba risasi na zinki na fedha. Yalipotoka yakapoa, yakaacha tabaka moja jembamba, kama siagi hii. Sawa? Halafu tope jingine likaja juu, lote likazikwa, likashuka chini kabisa kwenye joto. Likaiva. Mwamba ulioiva namna hiyo unageuka wote: tope linakuwa ulanga, chokaa inakuwa marumaru, na zile punje nyekundu zinaota humo kama chunusi."

"Chapati inapoa," Shitanda akamkumbusha.

"Halafu ikaja nguvu ya kusukuma kutoka pande zote mbili." Akaikunja chapati, siagi ndani, akaibana kwa viganja. "Mwamba ukajikunja. Na risasi ni laini, haivumilii kubanwa. Inakimbia. Inakimbilia wapi?"

Sahro aliona siagi imetoka kwenye mabawa ya chapati na kujaa pale kwenye kona ya mkunjo, nene, ya manjano.

"Pale," akaonyesha.

"Haswa! Huku kwenye mabawa unapata nyembamba tu. Kwenye kona ndiko iliko shibe yetu. Tukitoboa penye kona, tumemaliza." Akalivuta sanduku la shimo la saba. "Na kona nimeipata. Katika mashimo mengine yote, ukishuka chini unakutana na risasi kwanza, chini yake ndiyo nyekundu. Nyekundu ndicho kitanda, risasi imelala juu. Lakini shimo la saba ni kinyume. Ukianzia hapa kushoto, nyekundu inatangulia, halafu risasi. Kitanda kiko juu ya aliyelala! Maana yake hapa tabaka limepinduka, liko kwenye bawa la pili. Basi kona iko katikati ya shimo la nne na la saba, upande wa mashariki. Lori linaondoka kesho na mabomba. Namwambia Matheka aelekee mashariki."

Shitanda akampigia makofi. Sahro naye akapiga. Lakini mikono yake ilikuwa inapiga makofi na macho yake yamebaki kwenye sanduku. Ukianzia hapa kushoto, msichana alikuwa amesema. Mbona aanzie kushoto? Labda, akajiambia, wataalamu wana njia yao. Akakusanya vikombe.

Jioni, baada ya magharibi, alifungua juzuu yake kama kawaida. Kidole chake kikaenda chenyewe mwanzo wa mstari, kulia. Kikasimama pale.

Sahro hakuwa amekanyaga shule ya serikali hata siku moja. Kitabu alichokijua yeye, kile alichojifunza akiwa na miaka sita kwenye mkeka wa mke wa mwalimu, kinaanzia kulia kinakwenda kushoto. Hata salamu zake kwa mabinti aliziandika hivyo, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Na Shitanda alimwambia nini? Panga kama unavyosoma kitabu. Naye alipanga. Mashimo mengine, ambayo mchwa hawakuyaharibu, aliyaosha na kuyarudisha yalivyokuwa; lakini kila mstari wa shimo la saba, bila kukosea hata mmoja, alikuwa ameuanza kulia.

Mlima haukuwa umepinduka. Ni yeye aliyeupindua, kwa mikono yake miwili na karai la maji.

Alicheka kwanza, peke yake, mpaka Rispa akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Kisha kicheko kikamkauka. Akisema, kesho hiyo hiyo ataitwa mwanamke wa sambusa aliyeharibu kazi ya wasomi, na koti la buluu litabaki kwenye msumari. Asiposema, mashine itatoboa mashariki wiki kadhaa, na muda huo wote yeye bado ana kazi. Halafu shimo litoke tupu, na hakuna atakayejua kwa nini. Wiki kadhaa za Majengo si kitu kidogo. Lakini alimkumbuka yule msichana, viganja vimelowa siagi, anarukaruka. Huyo ndiye atakayesimama mbele ya wakubwa na shimo tupu, na jina lake la kwanza kazini litakuwa hilo.

"Na kazi yangu yote ilikuwa safi," akamwambia ukuta, kwa hasira kidogo. "Hakuna kipande hata kimoja kilichopotea."

Asubuhi alifika Makadara akitweta. Lori lilikuwa limekwisha washwa, mabomba yamefungwa kamba, Matheka anarekebisha kioo. Sahro akasimama katikati ya lango, mikono ameitanua.

"Mama Mawe!" Matheka akatoa kichwa. "Toka hapo, hii lori haina breki za huruma!"

"Haliendi mashariki."

"Linaenda Ukambani, mama. Mashariki, magharibi, kwangu barabara ni ile ile. Unataka lifti?"

"Nataka uzime."

"Nikizima haitawaka tena. Unaijua hii lori vizuri kuliko mke wangu?"

"Zima, Matheka, nikuletee sambusa wiki nzima."

Lori likazimwa. Wacuka akatoka mbio, kalamu sikioni, Shitanda nyuma yake akifunga mkanda. Sahro hakuzungukazunguka. Alisema pale pale langoni, mbele ya Matheka na wapakiaji, kwamba shimo la saba alilipanga kuanzia kulia, kwa sababu kitabu chake kinaanzia kulia, na kwamba nyekundu iko chini ya risasi kama ilivyo kwa mashimo mengine.

Treni ya mizigo ikapita, wote wakaisubiri ipite.

"Kulia," Shitanda akasema polepole. "Mama Sahro, kitabu gani kinaanzia kulia?"

"Msahafu, Mzee Shitanda."

"Ooh." Akajishika kichwa. "Ooh, mama wee. Mimi nilikuwa nawaza Biblia."

Mpakiaji mmoja akaangua kicheko. Wacuka hakucheka. "Una hakika, mama? Lori likirudi nyuma leo, wakubwa wataniuliza kwa nini. Nitawaambia nini?"

"Usiniamini mimi. Njoo uyaulize mawe."

Wakaingia godauni. Sahro akapiga magoti mbele ya lile sanduku, akachukua kipande cha mwisho upande wa kulia wa mstari wa juu, akampa Wacuka. "Huku, kwa njia yako, ni mwisho. Basi kiunganishe na kinachofuata kwako, mwanzo wa mstari wa pili, kushoto."

Wacuka akaviweka ncha kwa ncha. Havikushikana ng'o. Kimoja kilikuwa na pembe, kingine bapa.

"Kwa njia yangu, mstari wa juu unaishia huku kushoto," Sahro akasema. "Sasa chukua hiki cha kushoto, ukitafutie mwenzake hapa kulia, mstari wa pili."

Wacuka akajaribu. Mivunjiko miwili ikaingiana, kukatoka sauti ndogo ya jiwe kukaa mahali pake, na mstari mwembamba mweupe wa marumaru ukavuka kutoka kipande kimoja hadi kingine bila kukatika. Wakajaribu mstari wa pili na wa tatu. Wakajaribu sanduku lililofuata. Kila mahali hivyo hivyo.

Wacuka alikaa chini sakafuni, miguu imenyooka.

"Nilisoma mstari wenyewe wa risasi," akasema, "nikafurahi, sikuhangaika na ncha. Mlima mzima nimeupindua kwa mstari mmoja."

"Tumeupindua pamoja," Sahro akasema. "Mimi nilibeba upande wangu."

Hapo msichana akacheka, akacheka mpaka machozi, na Shitanda naye, akijipiga tumbo, na Matheka mlangoni anauliza ni nini, ni nini, mbona mimi siambiwi. Sahro ndiye ambaye hakucheka. Alivua koti la buluu, akalikunja, akamkabidhi Shitanda.

"La nini?" Shitanda akauliza.

"Si ndiyo basi?"

"Basi nini? Mimi nilikosea kukuelekeza, nami sijavua langu. Na langu nikilivua mtaona mambo. Vaa, mama. Kuna baridi."

Akalivaa. Lakini hilo halikumaliza neno, kwa sababu godauni lilikuwa bado linategemea shimo moja. Wacuka aliirudia ramani yake mchana kutwa. Kama shimo la saba liko sawa na ndugu zake, mashariki ni bawa lile lile jembamba, hakuna kona ya kutafuta huko. Ilibaki magharibi, ng'ambo ya korongo, ambako mawe ya juu ya ardhi yalikuwa yameacha kulala na kuanza kusimama wima. Jioni Matheka akaondoka, ameshiba sambusa, ameambiwa mahali pa kwenda mara tatu.

Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu. Kaka wa Isiolo alipata habari, nani ajuaye kwa nani, kwamba kampuni ya mawe inafungwa, akafika Majengo na gunia tupu la kubebea vyombo. Mtu wa vitendo. Sahro akamkaribisha, akampikia, akamwomba subira. Kaka akakaa. Alikaa akimtazama Rispa akimtania, akamtazama dada yake akiondoka alfajiri na kurudi magoti yana vumbi.

Siku lori liliporudi ilikuwa Alhamisi, mvua ya rasharasha. Matheka alipiga honi tangu kona ya mahakama ya Makadara. Masanduku yalishushwa, na kaka, aliyekuwa amekuja na dada yake siku hiyo kwa kuchoka kukaa, akapewa upande mmoja wa sanduku la katikati aubebe. Akainua, akalirudisha chini.

"Mmeweka nini humu?"

Wacuka, aliyerudi na lori kutoka mlimani, akafungua kifuniko. Mstari wa kwanza ulikuwa unang'aa. Wa pili unang'aa, umechanganyika na kahawia ya zinki. Wa tatu pia. Ilipofika wa nne ndipo nyekundu ikaanza, chini, mahali pake. Risasi nene kuliko urefu wa mtu, humo ndani ya kona ya mkunjo.

"Siagi!" Sahro akapiga kelele, na Shitanda, mwenye tumbo la heshima, akacheza isukuti ya kwao Butere bila ngoma katikati ya godauni.

Nisikudanganye kwamba palichimbwa mgodi. Bei ya risasi huko duniani ilianguka, ikapanda, ikaanguka tena, na wakubwa wakawa watu wa kusema mwaka ujao. Lakini mlima wenye kona kama ile hauachwi. Waliendelea kutoboa mashimo mengine kupima ukubwa wake, na mawe yakaendelea kuja Makadara kwa miaka, na kila sanduku jipya Shitanda alilichorea mshale mwekundu pembeni, wa kuonyesha mwanzo uko upande gani. Wapya walipoajiriwa, ni Sahro aliyekuwa akiwafundisha, na swali lake la kwanza kwa kila mmoja lilikuwa amesomea wapi.

Kaka alikaa siku mbili zaidi. Jioni ya mwisho, wakiwa barazani, aliliangalia lile gunia, akamwangalia dada yake anayechambua mchele.

"Sasa mawe haya yatakwisha lini?"

"Mlima wote, kaka? Uliza tena baadaye."

Akafikiri. "Basi nipe sambusa za njiani."

Sahro akazijaza gunia lile, safu kwa safu, zimefungwa kwa karatasi, na asubuhi akamsindikiza mpaka stendi ya mabasi kando ya Muthurwa. Basi lilipoondoka hakusimama kupunga mkono sana. Kulikuwa na lori linakuja saa mbili.